"Sijambo" Iliyomnyima Mama Haki Yake

Sisi watu wa Pwani tumelelewa hivi: mtu akiulizwa hali husema sijambo, na baada ya hapo ndipo, akipenda, huitaja homa yake. Hata aliye kitandani asiyeweza kujigeuza husema sijambo, alhamdulillahi. Ni adabu njema, wala hatutaki iondoke majumbani mwetu. Lakini tumeona jinsi ilivyomgharimu jamaa yetu mmoja, mama wa miaka 59, mzaliwa wa Unguja aliyehamia London tangu ujanani, na kisa chake twakieleza kwa sababu wasomaji wetu wengi wana ndugu katika nchi ile.

Mama huyu ana baridi yabisi ya magoti na viganja. Aliomba serikalini malipo ya wasiojiweza yaitwayo Personal Independence Payment, au kwa kifupi PIP. Alijaza fomu kwa maneno machache, kisha akapigiwa simu na mpimaji, mwanawe wa kiume akawa mkalimani. Aliulizwa anaonaje siku ile, akajibu kama alivyofunzwa na mamaye. Akaulizwa kama hujipikia, akasema ndiyo. Kama hujiogesha, akasema ndiyo, kwani angewezaje kumwambia mwanawe kuwa binti wa jirani ndiye amsaidiaye bafuni? Majuma machache baadaye barua ilifika: hakupata alama hata moja.

Kijana alighadhibika, akasema wamedhulumiwa. Sisi twaona barua ile iliandikwa kwa maneno yaliyotoka kinywani mwa mama mwenyewe.

Yafaa kwanza tueleze malipo haya ni nini. Yalianza mwaka 2013, nayo ni ya mtu aliyetimiza miaka 16 na hajafikia umri wa malipo ya uzeeni. Aliyepindukia umri huo huombea malipo mengine, na Scotland ina mpango wake wa peke yake tangu 2022. Maradhi yawe yamemzuia mtu kwa miezi 3, na yatazamiwe kuendelea kwa miezi 9 mingine. Akiba ya benki haiulizwi, wala mshahara. Afanyaye kazi aweza kupewa. Yana mafungu mawili, moja la maisha ya kila siku na jingine la kutembea. Katika mwaka ulioanza Aprili 2025 fungu la kwanza lilikuwa pauni 73.90 kwa wiki, au 110.40 kwa aliyezidiwa. La pili pauni 29.20, au 77.05. Na hapa pana la kuonya: mgeni ambaye kibali chake cha kukaa kina sharti la kutotegemea fedha za umma asiombe kabla ya kumwuliza mjuzi wa sheria hizo, maana aweza kukiharibu kibali chenyewe.

Watu wengi hudhani kitazamwacho ni jina la maradhi, wakakusanya vyeti vya hospitali mpaka bahasha isifungike. Jina la maradhi halipewi alama. Alama hutolewa kwa yale ambayo mtu hawezi kuyafanya: kupika, kula, kuoga, kwenda chooni, kuvaa, kuongea na watu, kutembea, na mengineyo. Alama 8 katika fungu humpa mtu malipo ya chini ya fungu hilo, na 12 humpa ya juu. Na neno "kuweza" lina maana yake katika sheria ile. Mtu hahesabiwi kuwa aweza jambo ila akilifanya kwa salama, kwa namna ifaayo, kila mara linapohitajika, na kwa muda usiozidi mara mbili ya ule wa mtu mzima wa afya. Tena hutazamwa siku zilizo nyingi, si ile siku moja njema.

Sasa mwangalie mama yetu. Kupika anapika, lakini sufuria ya wali huteleguliwa na mtu mwingine, kwa kuwa yeye alikwisha kujimwagia maji ya moto. Kuoga anaoga, ila kiuno kwenda chini huoshwa. Hata udhu, miguu humwagiwa maji na binti yule. Huswali kitini mwaka wa nne sasa. Mtu wa kwetu akisikia hilo hujua magoti yamekwisha, lakini mpimaji wa London atajuaje asipoambiwa?

Wako waonao kuwa kueleza hivi ni kukosa subira. Hatuafikiani nao. Aendaye kwa tabibu akasema sijambo hupewa mkono wa kwaheri, si dawa. Kuzidisha ugonjwa ni uwongo, na fomu ile hutiwa saini ya kuwa yaliyomo ni kweli; lakini kuupunguza nako si kweli.

Aliyetaka kupinga uamuzi hupewa mwezi mmoja kuomba uangaliwe upya. Mama alikwenda kwa mshauri wa bure wa mtaani, na safari hii akaomba mkalimani mwanamke, asiwe mtu wa nyumbani. Kwa siku 14 aliandika katika kidaftari: leo nimesimama mlangoni mara ngapi kabla ya kufika dukani, leo nani amenifunga vifungo. Binti wa jirani naye akaandika barua ya ukurasa mmoja kueleza afanyayo kila asubuhi. Lau wangekataa tena, lilikuwako baraza la rufaa, ambalo kwa miaka mingi sasa zaidi ya nusu ya wanaosikilizwa humo hushinda.

Haikufika huko. Alipewa alama 4 za kupika, 2 za kuoga, 2 za kuvaa, na 2 za chuma cha kushikia chooni. Na kwa kuwa hatembei zaidi ya mita 50 hata na bakora, alama 10 za kutembea. Fedha zilihesabiwa tangu ombi lake la kwanza. Ni za miaka mitatu, kisha ataulizwa tena. Kidaftari kile hajakitupa.