Pini ya juu haikuwekwa kwa urembo

Nachingwea mjini, kwenye banda la kinyozi, kijana alitaka kuchaji simu. Chaji yake ina pini mbili za duara, soketi ina matundu matatu. Akachukua kifuniko cha kalamu, akakididimiza kwenye tundu la juu. Vizibo vya matundu ya chini vikafunguka, chaji ikaingia. Hakuna aliyegeuka kutazama, maana kila mtu hufanya hivyo.

Pini ya juu ya plagi ya pini tatu ndiyo ufunguo wa vizibo vile. Vipimo vya plagi hii vilitolewa Uingereza mwaka 1947, mwaka uleule serikali ya huko ilipoanza mradi wa karanga uliouzaa mji wa Nachingwea. Karanga zilishindikana, reli ya kuzisafirisha ikafungwa miaka ya 1960, plagi tunayo mpaka leo.

Itazame vizuri pini hiyo ya juu: ni ndefu kuliko wenzake. Huingia kwanza, hutoka mwisho, hivyo pasi hushikana na ardhi kabla haijaonja umeme. Waya wa moto ukichubuka ndani na kugusa bati, umeme unapata njia ya kwenda kwenye nondo iliyopigwa nje ya nyumba, badala ya kupitia kifuani mwa anayepiga pasi.

“Si breka ipo?” Hilo ndilo jibu linaloniudhi. Breka ya kawaida inalinda waya usiungue, haimlindi mtu. Breka ya soketi huwa ya ampea 20 au 32. Nondo yenye ukinzani wa omu 100, kwa volti 230, itapitisha ampea 2.3 tu. Breka haitashtuka, na pasi itabaki na umeme inamsubiri mwenye mkono. Tena udongo wa huku kusini hukauka kuanzia Juni mpaka mvua zirudi. Nondo iliyoshika vizuri mwezi Machi, msimu wa korosho inaweza isishike. Ipigeni yanakomwagika maji ya bafuni.

Kwa hiyo kila nyumba iwe na ile breka yenye kitufe cha T. Hiyo inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Pakipotea miliampea 30, pungufu ya zinazotumiwa na balbu ya wati 10, inakata hapohapo. Kibonyeze kitufe kila mwezi. Isipokata, mwite fundi.

REA, Wakala wa Nishati Vijijini, imefikisha nguzo vijijini, watu wakaunganishiwa kwa shilingi 27,000, na asiye na uwezo wa kutandaza waya nyumba nzima akawekewa UMETA, yaani Umeme Tayari, kifaa kisichohitaji kutandaza waya. Nashukuru. Lakini baadaye vyumba vinaongezwa, waya unavutwa juu ya dari bila ule wa ardhi, wa kijani na njano. Chumba nilichopanga Ruangwa kilikuwa na soketi nzuri, nyeupe. Nilipoifungua, tundu la tatu halikuunganishwa na chochote. Mwenye nyumba alibana pesa ya waya, mpangaji akaachiwa hatari.

Pini ya juu inahitajika kwenye pasi, friji, jagi la kuchemshia maji, jiko, hita ya kuogea, pampu, mashine ya kuchomelea. Redio na chaji zenye alama ya mraba ndani ya mraba hazihitaji ardhi, zinunulieni adapta.

Kijana alichomoa chaji, akaenda zake. Kifuniko kilibaki tunduni, vizibo viko wazi, na soketi yenyewe iko usawa wa goti.