Kitabu kipya cha katuni: Kisome kabla ya kukisifu au kukitupa

Kitabu cha katuni kikiingia nyumbani, mara nyingi hukumu hutolewa kabla ya ukurasa wa pili kufunguliwa. Mzazi mmoja hukiona ni kupoteza fedha na muda wa masomo. Mwingine hushukuru kwamba angalau mtoto ameweka simu chini, na baada ya hapo hakiangalii tena. Wote wawili wanaweza kukosea, kwa sababu hakuna aliyekisoma.

Vitabu hivi vinaendelea kutoka kila mwaka, na kila kimoja huja na maoni ya watu: muuzaji anakisifu, jirani anakiponda, watoto shuleni wanakigombania. Mzazi akisubiri jibu la kama katuni ni nzuri au mbaya kwa jumla, hatalipata. Swali linalomsaidia ni jingine: je, kitabu hiki kinamfaa mtoto huyu, kwa umri alionao na hali aliyonayo?

Historia ya katuni yenyewe inaonyesha gharama ya kuhukumu kwa jumla.

Daktari aliyewatia wazazi hofu

Mwaka 1954, daktari wa magonjwa ya akili nchini Marekani, Fredric Wertham, alitoa kitabu kiitwacho Seduction of the Innocent. Humo alidai kwamba katuni zinachangia watoto kuingia kwenye uhalifu. Alikuwa akihudumia vijana jijini New York, hivyo maneno yake yalikuwa na uzito, na mwaka huohuo alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti.

Hofu ya wazazi haikutoka hewani. Baadhi ya katuni za wakati huo zilijaa damu na mauaji. Lakini wachapishaji, wakihofia kuingiliwa na serikali, walijiwekea kanuni kali zilizogusa karibu kila kitu. Kitabu kilichopita kwenye ukaguzi kilipewa muhuri kwenye jalada, na kisicho na muhuri kilipata shida kufika madukani.

Miaka mingi baadaye, mafaili ya Wertham yalipofunguliwa kwa watafiti, Carol Tilley wa Chuo Kikuu cha Illinois aliyapitia. Katika makala aliyochapisha mwaka 2012 alionyesha kwamba daktari huyo alibadilisha na kukuza baadhi ya maelezo ya watoto aliowahudumia ili yakubaliane na hoja yake. Wakati huo muhuri ule ulikuwa umeshaachwa, baada ya kutumika zaidi ya nusu karne.

Muhuri uliozuia ujumbe wa afya

Mwaka 1971, wizara iliyosimamia afya nchini Marekani ilimwomba mwandishi wa Spider-Man, Stan Lee, aandike hadithi ya kuwaonya vijana kuhusu dawa za kulevya. Aliandika hadithi ya matoleo matatu. Ndani yake yumo kijana aliyelewa dawa anayekaribia kufa kwa kudhani anaweza kuruka kutoka juu ya jengo, na rafiki wa shujaa anayezidisha vidonge.

Wakaguzi waliikataa. Kanuni hazikuruhusu dawa za kulevya zionyeshwe, hata kama lengo lilikuwa kuonya. Kampuni ya Marvel ikayachapisha matoleo hayo bila muhuri, na mwaka huohuo kanuni zikalegezwa.

Hapo ndipo penye somo kwa mzazi wa leo. Alama ya jalada inaweza kumwambia kwamba jambo fulani limo ndani. Haimwambii jambo hilo limesemwaje.

Je, katuni inamfanya mtoto awe mvivu wa kusoma?

Hili ndilo lalamiko linalosikika zaidi, kwamba mtoto anaangalia picha tu. Mwaka 1988, watafiti wa Marekani Donald Hayes na Margaret Ahrens walihesabu maneno adimu, yaani yale yasiyosikika sana kwenye mazungumzo ya kila siku. Katika kila maneno 1,000, vitabu vya katuni walivyovipima vilikuwa na zaidi ya maneno 53 ya aina hiyo. Vitabu vya kawaida vya watoto vilikuwa na takriban 31, na mazungumzo ya watu wazima waliosoma hadi chuo yalikuwa na takriban 17.

Takwimu hizo ni za Kiingereza, na hazina maana kwamba kila katuni ni darasa. Ila zinaondoa dhana kwamba katuni haina cha kumfundisha mtoto lugha.

Kwa mtoto anayehangaika kusoma, picha ni ngazi. Akikwama kwenye neno, sura ya mhusika humsaidia kubahatisha maana na kuendelea. Dav Pilkey, mtunzi wa Dog Man na Captain Underpants, alikutwa utotoni na disleksia, tatizo linalofanya kusoma kuwe kugumu, pamoja na tatizo la kukosa utulivu na umakini. Mara nyingi mwalimu alimtoa darasani, akawa anakaa kwenye korido akichora. Huko ndiko alikoanza kumbuni Captain Underpants.

Hata hivyo, vitabu vyake vina utani wa chooni na maneno yaliyoandikwa makosa kwa makusudi, kwa kuwa vinajifanya vimetungwa na watoto. Kwa mtoto wa miaka tisa anayejua tahajia, huo ni utani. Anayejifunza Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu anaweza kubeba makosa hayo hadi kwenye daftari la shule. Kitabu ni kilekile, watoto ni tofauti.

Ugonjwa unapoelezwa kwa picha

Katika miaka ya karibuni, baadhi ya katuni zilizopendwa sana zimezungumzia afya. Katika Smile ya mwaka 2010, Raina Telgemeier anasimulia alivyoanguka na kuumia meno mawili ya mbele, kisha miaka ya kwenda kwa daktari wa meno. Katika El Deafo ya mwaka 2014, Cece Bell anaeleza alivyopoteza usikivu akiwa na miaka minne baada ya kuugua homa ya uti wa mgongo, na aibu ya kuvaa kifaa cha kumsaidia kusikia mbele ya wenzake.

Guts, ambacho Telgemeier alikitoa mwaka 2019, ndicho kinachohitaji macho ya mzazi zaidi. Kinamhusu msichana anayeumwa tumbo na kuogopa kutapika, hofu inayomkaba ghafla, hadi anapopelekwa kwa mtaalamu wa ushauri. Mtoto anayepitia hali hiyo bila kuwa na jina la kuiita anaweza kujiona humo.

Mtoto akisema, "Hata mimi huwa hivi," asichekwe na asinyamazishwe. Aulizwe taratibu: lini, wapi, kabla ya nini? Maumivu ya tumbo yanayojirudia yapelekwe kwanza hospitali, kwa kuwa yana visababishi vingi vya kimwili. Daktari asipoona tatizo, na mtoto akaendelea kuumwa hasa siku za shule au za mitihani, mzazi aombe rufaa kwa mtaalamu wa saikolojia. Kitabu hakitoi tiba, lakini kinaweza kuanzisha mazungumzo ambayo mtoto alishindwa kuyaanza.

Za nyumbani nazo zina umri wake

Afrika Mashariki inalijua hili. Mwaka 2010 lilianza Kenya jarida la katuni la Shujaaz, likiandikwa kwa Sheng na kugawiwa bure pamoja na gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa. Mhusika wake mkuu, Boyie, ni kijana anayerusha matangazo ya redio kwa siri. Baadaye lilifika Tanzania. Limezungumzia kazi, kilimo, afya na mahusiano, lakini walengwa ni vijana. Kutolewa bure na kuchorwa kwa rangi hakulifanyi kuwa la mtoto wa darasa la pili.

Mzazi afanye nini?

*Soma kurasa kumi za katikati.* Mwanzo na jalada hutengenezwa ili kuuza. Katikati ndipo utaona kama kuna ukatili, ngono au matusi, na yamechukuliwaje.

*Soma alama ya umri, lakini jua ni ya nani.* Kwa Marvel, alama T+ ni ya miaka 13 na kuendelea. Kwa manga, yaani katuni za Kijapani, zinazotolewa na VIZ Media, alama hiyohiyo ni ya vijana wa miaka 16 na kuendelea.

*Uliza swali moja mtoto akimaliza.* "Ni picha gani imebaki kichwani mwako?" Jibu litakuambia kama amecheka, ameogopa au amejiona.

*Angalia usiku wake.* Akianza kuota ndoto mbaya au kukataa kulala peke yake baada ya kitabu fulani, kiweke kando kwa muda na mwambie sababu. Hicho kilikuwa kikubwa kwake kwa sasa, na si lazima vingine vyote vifuate.

*Mpe karatasi.* Aprili 2025, Telgemeier na Scott McCloud walitoa The Cartoonists Club, kinachohusu watoto wanaojifunza kutunga katuni zao. Wazo hilo halihitaji kununua kitabu. Kalamu na daftari vinatosha, na mtoto anayechora siku yake ya shule anaweza kumwonyesha mzazi jambo ambalo asingelisema mezani.

Dakika kumi na tano zinatosha kupitia kitabu cha katuni. Mzazi akizitumia, hata akisema hapana, mtoto atajua kwamba hapana hiyo imetoka kwa mtu aliyekisoma.