Fahamu: Kwa nini mchele wa Kyela unahitaji zaidi ya mashamba

Mjini Tukuyu utaona migomba, chai na parachichi, si mpunga. Mji uko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na baridi ikiukuta mpunga unapochanua, masuke hujaa mapepe. Mpunga uko bondeni Kyela, kando ya Ziwa Nyasa.

Tukuyu na Kyela hutumia barabara moja, ile ya Uyole hadi Kasumulu, mpakani na Malawi, na mwaka 2025 mpaka huo uliingia kwenye habari. Malawi ilizuia bidhaa kadhaa kutoka nje, mchele na ndizi zikiwamo. Aprili, Waziri wa Kilimo wa Tanzania wa wakati huo, Hussein Bashe, alijibu kwa kuzuia mazao ya Malawi. Siku chache baadaye zuio hilo la Tanzania likaondolewa kupisha mazungumzo. Mchele hukaa ghalani. Ndizi ya Tukuyu haisubiri kikao.

Soko jingine kubwa ni Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki hutoza mchele wa nje asilimia 75 au dola 345 kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa zaidi. Lakini Kenya imekuwa ikiruhusiwa kutoza asilimia 35, na ndiyo maana mchele wa Pakistan hushuka Mombasa kwa bei ya chini.

Kwa bei hiyo Kyela haishindi. Inachouza ni harufu na jina, na jina lenyewe huchakachuliwa: mchele wa kwingine hutiwa kwenye magunia ya "Kyela". Kabla ya kuongeza ekari, ningeanza na magunia.