Alimeti, ufunguo, koto-tije: muache sikio litulie

Wandugu wa mugodi, na ba mama wenye kutusoma ku nyumba, leo hatuongee mushahara. Tunaongea sikio.

Musimame mbele ya vestieri saa ya relevi, mutaona wenyewe. Mutu anatoa kaske, anatafuta mufukoni, anachomoa kijiti cha alimeti ao ufunguo, anaingiza mu sikio na anafunga macho. Utamu! Anaangalia kile kilichotoka, anapangusa ku suruali, anaenda. Ku nyumba, mama anafanya vile vile kwa mutoto na koto-tije, siku ya Mungu asubuhi mbele ya kwenda kanisa. Sisi wa sendika tunaona hiyo kila siku. Na tunaona pia wale wenye kuja kisha, wakigeuza kichwa ili wasikie na upande mumoja.

Ku mitaa tunaita kile kitu mavi ya masikio, na jina hilo njo linatudanganya. Waganga wanaita serumeni, na si uchafu. Ngozi ya tobo la sikio, upande wa karibu na inje, njo inaitengeneza. Kazi yake ni kupaka ngozi mafuta, kukamata vumbi, na kuzuia mikrobe, kwani iko na asidi kidogo. Ngozi hiyo inatembea polepole kuelekea inje, inabeba serumeni pamoja nayo, na taya wakati wa kutafuna bukari inasaidia kuisukuma. Kwa watu wengi sikio linajisafisha lenyewe. Kama yako inatoka na rangi ya vumbi la mugodi, maana yake ilifanya kazi.

Sasa, tobo hilo kwa mutu mukubwa liko na urefu wa karibu sentimeta 2 na nusu tu. Ku mwisho wake kuko timpani, ngozi yenye unene wa karibu sehemu moja ya 10 ya milimeta, sawa karatasi ya kaye. Wenye kazi ya kupasua mawe na baruti wanajua: ukisukuma na kijiti, kitu kinaenda mwisho wa tobo na kinakazana. Koto-tije inafanya vile vile. Kidogo kinatoka ku pamba, kingi kinarudi ndani, na kisha miezi mutu iko na bushoni ya kweli. Na watengenezaji wa koto-tije wenyewe wanaandika ku paketi kwamba haipashwe kuingia ndani ya sikio. Nani anasoma paketi?

Ndugu mumoja wa ekipi ya usiku alikuwa anajichokora na waya, mwenzake akapita na akamugonga mukono. Timpani ilipasuka, damu ikatoka. Tobo dogo mara nyingi linajifunga lenyewe kisha majuma ao miezi, lakini wakati huo wote maji hayapashwe kuingia, na huyo ndugu alikuwa anafanya kazi mahali maji inanyesha toka ku mawe.

Tufanye namna gani basi? Ku inje ya sikio, kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni, inatosha. Kidole ndani ya kitambaa, pale kidole kinafikia, mwisho. Kama sikio limejaa na unasikia mbali, ununue ku farmasi mafuta ya mizeituni ya kutia mu masikio. Chupa uishike mu mukono mpaka ipate joto la mwili, ulale na upande, utie matone 2 ao 3, ubaki vile dakika 5 ao 10. Mara mbili kwa siku, siku 3 mpaka 5. Siku za kwanza unaweza kusikia vibaya zaidi, usiogope. Lakini kama kuko usaha, damu, maumivu makali, ao timpani ilishaka kupasuka, usitie kitu: uende kwa muganga. Bushoni ikikataa kutoka, infirmye ataangalia kwanza na otoskopu, kisha atasafisha na seringi na maji ya joto la mwili. Maji ya baridi inazungusha kichwa, kwa hiyo hiyo kazi musifanyiane ku nyumba.

Mutoto akiingiza haragi ao ushanga mu sikio, musitafute kutoa na kipini, na musitie maji juu ya haragi, itavimba. Pile ndogo ya saa ni mbaya zaidi: ni hospitali palepale. Mududu mwenye kuingia usiku, matone ya mafuta yanamuua, kisha muganga amutoe.

Kuko jambo lingine lenye kutugusa sisi hasa. Kelele ya desibeli 85 inavumiliwa saa 8. Ku 88 ni saa 4, ku 91 saa 2, ku 100 dakika 15 tu, na marto-pikeri inapita 100. Kiziwi cha kelele hakiponi. Kiziwi cha bushoni ya serumeni kinapona siku moja. Mutu akipita odiyogramu na sikio lililojaa, karatasi itasema masikio yake yamekwisha, na tulishaona watu wakitolewa ku poste, na prime ikaenda, kwa kitu cha seringi. Na wengine, wenye kuharibiwa na kelele kweli, wanaambiwa: nenda uoge masikio. Kwa hiyo mukatae kupimwa mbele infirmye hajaangalia ndani, na muombe kopi ya matokeo. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inataka mwenye kazi atunze mufanyakazi pamoja na jamaa yake; sikio la mama na la mutoto liko ndani.

Bushoni za kelele nazo zinaweza kusukuma serumeni ndani. Si sababu ya kuziacha! Muoshe mikono kwanza, muikunje, muvute sikio juu na nyuma, muingize, muishike mpaka ivimbe. Yenye ilishakuwa nyeusi, mutupe. Na wandugu krezeri, pamba na vipande vya matla havizuie kelele, vinabaki ndani tu.

Ku reunion ya usalama delege wenu wataomba vitu viwili: maji na sabuni pale tunavaa bushoni, na otoskopu mu dispanseri. Wenye walishapimwa bila kuangaliwa mu sikio, mutuletee tarehe na jina la poste. Makaratasi yenyewe mubaki nayo.