Damu Haingoji Foleni

Saa moja asubuhi, Lavington, Nairobi. Katika kliniki iliyo karibu na Barabara ya James Gichuru, mtu ambaye hajatia kitu kinywani tangu jana usiku anakunja mkono wa shati. Sindano inaingia, damu inajaa mrija. Nje magari yamekwisha kushikana bamba kwa bamba, na mwendesha bodaboda atakayebeba kisanduku cha sampuli yuko langoni, kofia ya chuma kichwani.

Ndani ya mrija, shughuli imeanza. Seli za damu bado zi hai, nazo zinakula. Chakula chao ni glukosi, sukari ile ile inayotakiwa kupimwa. Damu ikiachwa kwenye joto la kawaida, bila kemikali ya kuzuia ulaji huo na bila seli kutenganishwa na maji yake, sukari hupungua kwa kati ya asilimia 5 na 7 kila saa. Kwa mtu aliyefunga tangu usiku, kisukari huhesabiwa kuanzia milimoli 7.0 kwa lita. Aliyetolewa damu akiwa na 7.2, sampuli yake ikikwama barabarani saa moja unusu, anaweza kusomeka 6.6. Karatasi itasema hana kisukari. Naye ataenda nyumbani akishukuru Mungu, huku ugonjwa ukiendelea kumla figo na macho kimyakimya.

Ndiyo maana mtaalamu wa maabara huuliza kwanza saa, kabla hajauliza jina. Damu ilitolewa lini? Ilitiwa katika mrija upi? Ule wenye kifuniko cha kijivu una floraidi ya kuzinyamazisha seli, lakini hata floraidi haifanyi kazi papo hapo. Huchukua saa nzima na zaidi kuzisimamisha kabisa. Njia iliyo salama ni kuweka mrija kwenye barafu na kuuzungusha katika mashine ya sentrifuji ndani ya nusu saa, ili seli nyekundu zitue chini na maji ya rangi ya majani makavu yabaki juu. Mrija wa kifuniko cha zambarau una kazi nyingine, na tutaufikia.

Sasa chukua kosa hilo dogo uliingize katika utafiti wa dawa mpya. Wagonjwa mia kadhaa wanapimwa kabla ya kuanza kumeza vidonge, kisha wanapimwa tena baada ya miezi sita. Sampuli za mwanzo zikifika maabara upesi na za mwisho zikachelewa, dawa itaonekana imeshusha sukari, kumbe iliyoshusha ni foleni. Daktari atakayesimama kwenye mkutano kutangaza matokeo hatajua. Anayeweza kujua ni yule aliyeandika saa kwenye daftari.

Nchini Kenya, wengi wa wataalamu hawa wa maabara wamesomea vyuo vya mafunzo ya tiba vya KMTC, kikiwemo kile kilicho jirani na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, au wamepitia vyuo vikuu. Ili kufanya kazi ni lazima wasajiliwe na bodi yao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Utafiti wa dawa nao hauanzi kwa hiari ya mtu: unahitaji kibali cha kamati ya maadili na cha Bodi ya Dawa na Sumu. Msajiliwa wa utafiti hupewa nambari, na mtu wa maabara huiona nambari tu. Hajui nani anameza dawa halisi na nani anameza kidonge kisicho na kitu, wala hatakiwi kujua, mkono wake usije ukaegemea upande bila yeye kukusudia.

Historia ya dawa za kisukari yenyewe ilianzia mikononi mwa watu wa benchi la maabara. Mwaka 1921, jijini Toronto, Charles Best alikuwa kijana wa miaka 22 aliyepewa daktari Frederick Banting awe msaidizi wake. Kazi yake kubwa ilikuwa kupima sukari katika damu ya mbwa, tena na tena, kwa njia za wakati ule zilizodai subira. Tarehe 11 Januari 1922 mvulana wa miaka 14 mwenye kisukari, Leonard Thompson, alidungwa maji yenye insulini waliyoyakamua kutoka kwenye kongosho la ng'ombe. Sukari ilishuka kidogo na mahali pa sindano pakavimba. Dawa ilikuwa chafu. Mwanakemia James Collip akajifungia na chupa zake, akaisafisha. Sindano ya tarehe 23 mwezi huo ndiyo iliyomrudishia kijana uhai. Kati ya kushindwa na kufaulu palikuwa na siku 12 za kuchuja.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo watu wa Toronto hawakulazimika kuliwaza, na ndilo linaloipa kazi hii uzito wa pekee Afrika Mashariki. Ni lile la mrija wa zambarau.

Dawa nyingi za kisukari hupimwa kwa kipimo kiitwacho HbA1c, ambacho damu yake hutiwa katika mrija huo. Sukari iliyo kwenye damu hunata kwenye himoglobini ya seli nyekundu, na kwa kuwa seli hizo huishi siku zipatazo 120, kiasi kilichonata hueleza hali ya miezi miwili mitatu iliyopita. Asilimia 6.5 na kuendelea ni kisukari. Kipimo kizuri, hakidai mtu afunge, tena hakisumbuliwi na foleni. Lakini kinachukulia kwamba seli nyekundu za kila mtu huishi muda ule ule.

Haziishi hivyo. Watu wa kando ya Ziwa Viktoria na wa pwani, waliokaa na malaria vizazi na vizazi, wamerithi kwa wingi kinga mbili: nakala moja ya jeni la ugonjwa wa selimundu, na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Upungufu huo hufupisha maisha ya seli nyekundu, nazo hufa kabla sukari ya kutosha haijanata. Utafiti uliochapishwa 2017 ulionyesha kuwa wanaume Wamarekani weusi wenye badiliko hilo la G6PD husomeka chini kwa takriban nukta 0.8. Basi mwanamume wa Kisumu au Kilifi mwenye 6.8 ya kweli anaweza kutoka kwenye mashine na 6.0, akaambiwa yuko salama, au akakataliwa kuingia katika utafiti kwa kuwa "hana ugonjwa". Metformini, dawa ya kisukari inayotumiwa zaidi duniani, kwa kawaida hushusha kipimo hicho kwa nukta 1 hadi 1.5. Kosa la 0.8 linakaribia kulingana na nguvu ya dawa nzima.

Mtu wa maabara anayeijua damu ya watu wake huyaona haya mapema. HbA1c inapogombana na sukari ya asubuhi, haipeleki karatasi juu na kunyamaza. Anaomba sampuli ipimwe himoglobini, anaandika maelezo pembeni. Mashine haina dhana hiyo. Imeundwa mbali, kwa damu ya kwingine.

Uganda wamepata mshangao wa aina hiyo hiyo. Katika utafiti uitwao YODA, uliochapishwa 2025, vijana wa Uganda, Kamerun na Afrika Kusini walioambiwa wana kisukari cha aina ya kwanza walipimwa kingamwili, wale askari wa mwili wanaogeuka na kushambulia kongosho. Karibu theluthi mbili hawakuwa nazo. Kama ni kweli mwili wao haujishambulii, basi wana ugonjwa mwingine uliovaa jina la ule wa kwanza, na dawa zinazotengenezwa kuzuia shambulio hilo huenda zisiwahusu. Jibu hilo halikutoka wodini. Lilitoka kwenye vichupa vilivyogandishwa, vikatunzwa, vikasafirishwa bila kuyeyuka.

Kwenye kugandisha, mtaalamu wa Nairobi ana wasiwasi wake wa kila siku: stima. Friza za utafiti hukaa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Umeme ukipotea usiku na jenereta isiwake, damu ya miaka mitatu inaweza kuharibika kabla ya alfajiri, na wenye damu hiyo hawawezi kuombwa wairudie miaka yao. Kwa hiyo simu yake hailali mbali na mto. King'ora cha friza kikilia saa nane usiku, mtu huondoka kitandani.

Wapo pia wanaotafuta dawa tangu mwanzo kabisa. Katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, watafiti wamepima mimea ambayo waganga wa kienyeji huipa wagonjwa wa kisukari, mmojawapo mti uitwao kitaalamu Pappea capensis. Panya hudungwa aloksani, kemikali inayoua seli za kutengeneza insulini, kisha hupewa maji ya majani au magamba ya mti, na sukari yao hupimwa kwa tone la damu kutoka mkiani. Mimea kadhaa imeshusha sukari ya panya. Kutoka kwa panya hadi kwenye kaunta ya duka la dawa ni safari ndefu, na anayeuza chupa sokoni kwa ushahidi wa panya peke yake anawapunja wagonjwa.

Lakini mfano unaopendeza zaidi wa kazi ya maabara ni wa Dagahaley, katika kambi za wakimbizi za Dadaab, Garissa. Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8. Nani ana jokofu Dagahaley? Wagonjwa wakawa wanalazimika kwenda hospitali kila siku kudungwa. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka likaweka kipimajoto ndani ya nyumba ya mkimbizi na kuona joto likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 usiku na 37 mchana. Takwimu hizo zikapelekwa Chuo Kikuu cha Geneva.

Huko Uswisi, wataalamu wa maabara waliijenga upya Garissa ndani ya chombo cha kupashia joto: nyuzi 25, kisha 37, kisha 25 tena, kwa wiki nne. Walitoa vichupa, wakatenganisha yaliyomo na kuyapima, wakaijaribu insulini hiyo juu ya seli hai kuona kama bado inaamsha kinachopasa kuamshwa. Februari 2021 matokeo yalichapishwa. Nguvu ya dawa haikupungua zaidi ya asilimia 1, ilhali kanuni za dawa huruhusu hadi 5. Mgonjwa wa Dagahaley anaweza kubeba kichupa chake hadi nyumbani, akajidunga mwenyewe jioni, akalala.