Kitambaa cha Merikani na Barua kwa Filemoni

Somo: Filemoni 1:8-21



Barua ya Paulo kwa Filemoni ni fupi kuliko barua zake zote. Onesimo, mtumwa, ameachana na bwana wake, na huko amekutana na Paulo na kuokoka. Paulo anamrudisha nyumbani, lakini anaomba apokelewe kama mtu wa familia. Deni lake lote, Paulo anakubali kulilipa mwenyewe.

Watu wengi wamesoma nusu tu ya barua hii. Marekani, mwaka 1800, ilikuwa na watumwa karibu 900,000. Kufika 1860 walikuwa karibu milioni 4, kwa sababu bei ya pamba ilikuwa nzuri na pamba ilitaka mikono. Mabwana wengi walikuwa watu wa kanisa. Walisema: "Paulo alimrudisha mtumwa, basi utumwa ni halali." Katika jimbo la Georgia, mhubiri Charles Colcock Jones alihubiri barua hiyo mbele ya watumwa, akiwaonya wasitoroke. Karibu nusu ya watu waliinuka wakaondoka. Hawakumkataa Mungu. Walijua kwamba neno limekatwa katikati.

Lakini wako waliosoma mpaka mwisho. Uamsho ulipopita Marekani miaka ile, mhubiri Charles Finney alikataa kuwapa wenye watumwa Meza ya Bwana. Wakristo wengine waliacha kununua sukari na pamba iliyolimwa na watumwa, hata kama walilipa bei kubwa zaidi kwingine. Wamethodisti waligawanyika mwaka 1844, Wabatisti mwaka 1845, kwa sababu ya jambo hili.

Mtasema: hayo ni ya Wamarekani, yatuhusu nini sisi wa Bunia? Wazee wetu walijua kitambaa kinachoitwa merikani. Jina lenyewe linatoboa siri. Pamba ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani, ikafumwa katika viwanda vya Massachusetts, ikapakiwa melini mpaka Zanzibar, hasa baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sultani Said. Kutoka Zanzibar misafara ilibeba merikani mpaka Ujiji na Manyema, kununua pembe za tembo na watu. Kwa hiyo jasho la mtumwa wa kule lilisaidia kumnunua mtumwa wa huku.

Misafara hiyo ilifika hata msitu wetu wa Ituri. Stanley alipopita mwaka 1887 alikuta vijiji vimechomwa na watu wamekimbia. Na hapa tusikie vizuri: wengi wa Wamanyema waliokuja kuteka walikuwa wenyewe wametekwa zamani, au ni watoto wa waliotekwa. Aliyefungwa kamba jana ndiye aliyeishika leo. Hata Kiswahili hiki tunachoombea kilianza kupanda huku kwa njia ya misafara ile. Mungu aliitumia lugha hiyo kwa Injili, lakini hiyo haiifanyi biashara ile kuwa njema.

Baadaye ilikuja serikali ya Leopold na mpira wake. Mtu mmoja aliyesema wazi alikuwa William Sheppard, mhubiri mweusi aliyezaliwa Virginia mwaka 1865, mwaka ule ule utumwa ulipokomeshwa kwao. Mwaka 1899, huko Kasai, alihesabu mikono 81 ya watu iliyokatwa na kuwekwa juu ya moto ili ikauke. Aliandika aliyoyaona. Mwaka 1909 kampuni ya mpira ilimpeleka mahakamani Léopoldville, na mahakama ikamwachilia.

Sasa turudi nyumbani kwetu. Hatuna soko la watumwa Bunia. Lakini tuulizane kama ndugu. Yule binti aliyeletwa kutoka kijijini, au ambaye wazazi wake wamekimbia vita, tulisema tutamlea na kumsomesha. Je, anasoma? Au anaamka wa kwanza, analala wa mwisho, anakula yanayobaki, na siku ya ibada anaachwa kulinda nyumba? Na tunaposema "Mbuti wangu", kana kwamba mtu ni mbuzi, akilima shamba letu kutwa nzima tunampa nini? Chumvi kidogo na nguo iliyochakaa? Na dhahabu tunayouza sokoni, tumewahi kuuliza ni mtoto wa nani aliyeingia shimoni?

Tunajua maisha ni magumu, na wengi wetu tumepoteza nyumba na watu. Lakini Wamanyema nao walikuwa wamepoteza. Kuumizwa hakutupi ruhusa ya kuumiza.

Tunawaomba mambo matatu kabla ya Jumapili ijayo. Mwandikishe shule mtoto unayemlea, au mrudishe kwa wazazi wake kama bado wapo na kwao kuna salama. Mlipe aliyekulimia kama ungemlipa mtu wa kabila lako. Na mezani, mketishe pamoja na watoto wako.

Filemoni hakuandikiwa amri. Paulo aliomba, akamwachia aonyeshe mwenyewe kama ameokoka kweli. Nasi tumeachiwa hivyo hivyo.

Bwana awabariki.