Saa ya Mkononi kwa Kadibodi na Gome la Mgomba

Kusoma saa hufundishwa mara nyingi kwa mduara uliochorwa ubaoni. Mwalimu husogeza mishale, wanafunzi huitikia kwa pamoja, na kipindi huisha bila mtoto yeyote kuuliza saa hupata wapi wakati wake. Katika makala hii twakusudia kuonyesha jinsi kila mtoto awezavyo kujitengenezea saa ya mkononi ifanyayo kazi kwa kivuli cha jua, na jinsi mwalimu apasavyo kuipokea saa hiyo inapopingana na ile ya dukani.

Kata ya Ijuganyondo, katika Manispaa ya Bukoba, ipo kusini mwa Ikweta kwa chini ya nyuzi 2. Katika nchi zilizo mbali na Ikweta, ukingo utupao kivuli sharti uinamishwe kwa kipimo cha latitudo. Hapa kwetu unaweza kulala sambamba na ardhi, na kazi ikawa nyepesi. Vifaa ni kadibodi, rula, mkasi, gundi ya uji wa muhogo na gome kavu la mgomba.

1. Kata kadibodi yenye urefu wa sentimita 5 na upana wa sentimita 4. Igawe kwa mstari unaokata urefu wake katikati. Mstari huo ni wa saa 6.

2. Kutoka mstari wa 6, chora mistari sambamba nao kila upande, kwa umbali wa milimita 3, 6, 10 na 17. Upande wa kushoto andika 5, 4, 3, 2. Upande wa kulia 7, 8, 9, 10.

3. Juu ya mstari wa 6 simamisha ukuta mwembamba wa karatasi ngumu, wenye kimo cha sentimita 1 kamili.

4. Bandika gome chini ya kadibodi, sambamba na ukuta huo, kisha lifungwe katika mkono wa kushoto.

Ili kuipata kaskazini, simika kijiti wima uwanjani na uchore duara kukizunguka. Tia alama pale ncha ya kivuli inapogusa duara asubuhi, na tena alasiri. Mstari uunganishao alama hizo waenda magharibi na mashariki. Mtoto asimame akielekea kaskazini, akunje mkono mbele ya kifua na kuilaza saa sawasawa. Ukingo wa kivuli humwonyesha saa. Aonywe kutolitazama jua lenyewe.

Wanafunzi wa madarasa ya juu waulizwe kwa nini nafasi za mistari hazilingani. Jua huonekana kusogea nyuzi 15 kila saa. Saa 3 zikiwa zimebaki nyuzi 45 kufikia adhuhuri, upana wa kivuli hulingana na kimo cha ukuta, yaani milimita 10. Jua likiwa chini zaidi, kivuli hurefuka kwa haraka.

Sasa tufikie jambo lililo zito. Katika mazoezi ya kufundisha, tulimwona mwalimu mwanafunzi mmoja akimwuliza binti wakati. Binti akatazama kivuli, akajibu, “Saa tano, Mwalimu.” Saa ya mwalimu ilikaribia saa 6. Binti akaambiwa amekosea, naye akaifungua saa yake na kuitia mfukoni. Hakuivaa tena siku ile.

Binti yule hakukosea. Saa za Tanzania zimewekwa saa 3 mbele ya Greenwich, na kipimo hicho ni cha longitudo ya nyuzi 45 mashariki. Bukoba ipo karibu na nyuzi 32. Kwa kuwa kila uzi mmoja ni dakika 4, jua letu huchelewa kwa dakika zipatazo 53. Tena tofauti hiyo hubadilika katika mwaka: katikati ya Februari jua hufika adhuhuri yake Bukoba yapata saa 7 na dakika 7, na mwanzoni mwa Novemba yapata saa 6 na dakika 37. Saa ya dukani hufuata mapatano ya nchi nzima, ili watu wote wapate kupanga shughuli zao pamoja. Saa ya kadibodi hufuata jua la mahali alipo mtoto.

Kwa hiyo mwalimu asitie alama ya kosa. Achore safu mbili ubaoni, moja ya saa ya kivuli na nyingine ya saa ya dukani. Wanafunzi wazijaze kila siku ya jua kwa muhula mzima, watoe, kisha waulize sababu. Mtoto aliyepima kwa uaminifu akikemewa, hujifunza kungoja jibu la mwalimu badala ya kutazama kwa macho yake. Tukimfunza hivyo, hata akijua kusoma saa zote za dukani, tutakuwa tumempunguzia elimu.